Barua kwa mwanangu Zuhura, kuhusu ukumbi wenye watu wanane

Mwanangu Zuhura,

Shikamoo yako niliisikia kwenye ujumbe wa sauti. Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzima na nduguyo ni mzima. Theluji imeanza wiki iliyopita, kila asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda zamu kwenye sinema ninakofanya kazi huku Minnesota, Marekani.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Unasema yule mtayarishaji hapo Nairobi ameurudisha mswada wako. Amekuambia kisa cha mume na mke wanaoachana, bila mapigano na bila majini, hakuna atakayelipa kuingia sinema kukiona, labda ukauze mtandaoni. Na mwisho ukaniuliza: "Mama, wewe uko huko ndani. Ni kweli watu wamechoka na hadithi kama hizi?"

Nimekaa na swali hilo siku nne. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tungekatizana.

Hawajachoka. Kilichopungua ni muda, na nitakueleza muda gani.

Kwanza nikurudishe Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi mtoto wa miaka sita au saba, bibi yako alikuwa akinichukua kwenda onyesho la alasiri la wanawake peke yao. Wanatoka mtaani kundi zima, mabuibui, watoto mkononi, mfuko wa njugu. Nilimwona Nargis katika *Mother India* nikiwa nimekaa kwenye paja la bibi yako. Picha yenyewe ilitoka India mwaka 1957, na bado ilikuwa ikirudi na kurudi. Ilipofika pale mama anapompiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa ajili ya heshima ya msichana wa kijiji, nilisikia kitu ambacho sijakisikia tena mahali popote: ukumbi mzima wa wanawake wakilia kwa sauti, kama matangani. Chozi la bibi yako liliniangukia hapa shingoni.

Lakini ninachotaka ukiangalie ni yaliyofuata. Jioni ile bibi yako aliisimulia picha yote uani, huku akikuna nazi. Kesho yake akaisimulia tena kwa Bi. Mkubwa wa nyumba ya pili ambaye alikuwa mgonjwa. Wiki iliyofuata waliokwenda walikuwa wengi kuliko wa mwanzo, na baadhi yao walikuwa walewale, wamerudi. Hakuna tangazo lililowapeleka. Ni mdomo wa mtu aliyelia, akamwambia jirani yake: nenda. Picha ya maisha huuzwa hivyo. (Naziita picha za maisha kwa sababu ukisema "picha za watu wazima" watu wanafikiria uchafu. Nakusudia ndoa, msiba, kazi, mtu na dhamiri yake.)

Sasa njoo huku kwangu. Sinema yetu ina kumbi 14. Ratiba ya wiki hupangwa Jumatatu, meneja akiwa na takwimu za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mbele yake. Picha isiyojaza siku hizo tatu hupunguziwa maonyesho, hurushwa saa tano asubuhi au saa nne usiku, na Ijumaa inayofuata huondolewa. Siku tatu, Zuhura. Bibi yako hajamaliza hata kuikuna ile nazi.

Novemba 2022 tulipata *She Said*, ile ya waandishi wawili wa New York Times waliofichua maovu ya mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein kwa wanawake. Picha nzuri, imetulia, wanawake wanaoongea kwa woga na baadaye wanaacha woga. Ilifunguliwa katika sinema zaidi ya 2,000 Marekani na ikapata kama dola milioni 2.2 wikendi ya kwanza. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti. Ni kama dola 1,100 kwa kila sinema. Tiketi ilikuwa dola 10 na kitu, basi ni watu mia moja hivi kwa siku tatu. Sinema ikionyesha mara nne kwa siku, ni watu wanane au tisa kila onyesho. Nilikuwa zamu Jumamosi ile, na baada ya onyesho la saa moja usiku nilipoingia na fagio nilihesabu watu wanane wakitoka. Wanane hao hawakutoka haraka. Walisimama karibu na mlango, watu wasiojuana, wakiongea kama robo saa. Niliwaacha waongee, nikaanza kufagia safu za mbele.

Siku chache baadaye tukapata *The Fabelmans* ya mwongozaji Steven Spielberg, kisa cha utoto wake mwenyewe na wazazi wake walioachana. Iligharimu kama dola milioni 40 kuitengeneza na kwa Marekani ikaingiza kama milioni 17 tu. Kuna bibi mmoja wa kizungu ambaye kabla ya korona alikuwa akija kila Jumanne, siku ya punguzo, na mumewe. Sinema zilipofungwa Machi 2020 sikuwaona tena. Siku ile alikuja peke yake, na sikumuuliza. Aliikalia picha hadi majina yote yakaisha kupita, taa zikawaka, akaniita. Akaniuliza kama itakuwepo wiki ijayo, maana anataka kumleta dada yake ambaye haendeshi gari. Nikamwambia nadhani itakuwepo. Haikuwepo. Aliporudi na dada yake, yule dada ana mkongojo, nilikuwa mimi mlangoni. Nilishindwa kuwatazama usoni.

Huyo bibi na dada yake ndio wateja wa picha za maisha, mwanangu. Hawaji siku ya kwanza. Wanangoja baridi ipungue, wanangoja mtu awaambie, wanangoja miadi ya daktari ipite. Na baada ya korona wengi wa rika lao walichelewa kurudi kuliko vijana, na wengine hawakurudi kabisa.

Haikuwa hivi tangu zamani. Picha nyingi hapa zilikuwa zikifunguliwa New York na Los Angeles, katika sinema chache, kisha zinatembea mji hadi mji kadiri sifa zinavyosambaa. Mwaka 1975 Spielberg mwenyewe, akiwa kijana, alitoa *Jaws*, ile ya papa. Wakaifungua katika sinema zaidi ya 400 kwa siku moja huku matangazo yakirindima kwenye runinga, ikavunja rekodi. Tangu hapo mashirika makubwa yakajifunza kufungua kila mahali kwa mpigo. Papa haihitaji jirani akusimulie. Ukiona bango umeelewa. Mume na mke wanaoachana bango lake utalichoraje?

Hata hivyo Desemba 1979 ilitoka *Kramer vs. Kramer*, ya Dustin Hoffman na Meryl Streep. Kisa chote: mke anaondoka, mume anabaki na mtoto mdogo, baadaye wanagombea mtoto mahakamani. Iliingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani peke yake, kuliko picha nyingine yoyote iliyotoka mwaka ule. Ilikaa kumbini miezi. Nakutajia hii makusudi, kwa sababu miaka arobaini baadaye, mwaka 2019, ilitoka *Marriage Story*, nayo ya mume na mke wanaoachana na mtoto katikati. Hiyo ilikuwa mali ya Netflix. Ilionyeshwa katika sinema chache mwezi mmoja, kisha Desemba ikaingia majumbani. Watu waliiangalia, mwanangu, waliizungumza kila mahali, mpaka kazini kwetu kwenye chumba cha kupumzikia. Ila waliiangalia kila mmoja kwenye kochi lake, wengine wakiisimamisha katikati kupika wali.

Kwa hiyo huyo mtayarishaji anaposema hadithi hizi hazina watu, anakosea. Zina watu. Wamehamia sebuleni, na sisi ndio tuliowafundisha kuhamia.

Hili la kuwafundisha lina tarehe zake. Zamani, tangu picha iingie sinema hadi uweze kuipata nyumbani, ilipita kama miezi mitatu. Ukiikosa, umeikosa mpaka msimu mwingine. Julai 2020, katikati ya korona, shirika la filamu la Universal na sinema za AMC walikubaliana picha ikae kumbini siku 17 tu, baada ya hapo iruhusiwe kukodishwa nyumbani. *The Fabelmans* ilifunguliwa kwa upana Novemba 23 na kufikia Desemba 13 ilikuwa tayari inakodishwa kwenye runinga. Wiki tatu hazikutimia. Mzazi wa miaka 38 mwenye watoto wawili anahesabu: tiketi mbili, bisi, maegesho, na yaya wa kukaa na watoto saa tatu, ambaye peke yake anashinda bei ya tiketi. Akingoja siku ishirini ataiona akiwa na soksi. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningengoja.

Jambo la DVD nalo nilipitie haraka. Zilianza kuuzwa hapa mwaka 1997, na kwa miaka kumi hivi picha ya maisha iliyoanguka kumbini iliweza kurudisha fedha zake kwenye rafu za maduka. Mtandao ulipokuja biashara ile ikafa. Sasa anayetoa dola milioni 40 anajua ile kamba ya pili ya kumvuta haipo, ndiyo maana anaogopa, na uoga wake unafika mpaka kwenye meza ya huyo wa Nairobi aliyekurudishia mswada.

Sinema zenyewe nazo zina njaa yake. Kwenye tiketi, karibu nusu inakwenda kwa wenye picha, na kwa picha kubwa wiki za kwanza ni zaidi. Tunachoishi nacho ni bisi na soda. Naliona hili kaunta kila siku: wanaokuja kuona mashujaa wanaoruka wananunua ndoo ya bisi na vikombe vinne, wanaokuja kuona picha ya maisha wananunua maji, au hawanunui. Meneja wangu si mtu mbaya, anaipenda sinema kuliko wengi. Lakini Jumatatu ikifika akiwa na ukumbi mmoja na picha mbili za kuchagua, takwimu za bisi ziko kwenye karatasi ileile.

Utaniambia, mama, na *Oppenheimer*? Ndiyo, nilikuwa naifikia. Julai 2023. Saa tatu za wanaume wanaoongea vyumbani, mmoja wao, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, ana mzigo wa dhamiri. Ukiitazama vizuri ni picha ya maisha kabisa. Iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani. Nilifanya zamu za ziada wiki sita mfululizo, viatu vikanitoboka. Wengi wanasema ni jina la mwongozaji wake Christopher Nolan, ni skrini kubwa za IMAX, ni kule kutoka siku moja na *Barbie*. Yote yamo. Ila angalia hili: ilitolewa na Universal hiyohiyo, na safari hii ikakaa kumbini miezi minne kabla ya kuingia majumbani. Tulikuwa tunapokea watu Septemba wanaosema wameambiwa na shemeji, wameambiwa na mwalimu. Mdomo ulipewa nafasi ya kutembea. Sisemi *The Fabelmans* ingefika huko. Nasema yule dada mwenye mkongojo angeikuta.

Basi kuhusu mswada wako. Usiufunge kabatini. Na mtandaoni usikimbilie kwanza, kwa sababu ukishaingia huko, huwezi kurudi tena kumbini. Nenda Alliance Française, nenda Goethe-Institut, vile vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani hapo mjini, uliza kama watakubali picha yako ikikamilika ionyeshwe jioni moja kila wiki kwa wiki sita. Hata viti sitini. Ukitaka Zanzibar, tamasha la filamu la ZIFF liko tangu 1998, na ukikaa pale Ngome Kongwe usiku utaona watu wazima wameketi kimya kwenye ngazi za mawe mpaka mwisho. Kisha rudi Mombasa, tafuta ukumbi, na onyesho moja liwe la kina mama alasiri. Shangazi zako watajaza nusu. Nusu nyingine wataisikia uani.

Jambo moja linaniumiza, nalo ni dogo. Nduguyo ameniambia umeanza kuandika upya, umemwingiza polisi na gari la kufukuzana kule Likoni ili huyo mtu wa Nairobi afurahi. Nimeusoma mswada wa kwanza wote kwenye simu, wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwenye stoo ya bisi. Nilipofika ukurasa wa 41, pale Mwanaisha anapoanua kanzu ya mumewe kwenye kamba, anaikunja kama kawaida yake, kisha anasimama nayo mkononi kwa sababu hajui tena aiweke kabati gani, nilifunga simu. Mwenzangu wa Liberia aliniuliza nimepata habari za msiba.

Polisi mtoe. Kanzu iache, na usiifupishe; Mwanaisha asimame nayo vilevile ulivyoandika.

Nitumie kurasa kumi za mwisho, ulisema bado unazirekebisha. Jumatano nina zamu ya kufunga. Picha ya mwisho huanza saa nne na robo, na toka hapo nina karibu saa mbili za kusoma.

Mama yako anayekupenda,
Minnesota