Barua kwa mwanangu kabla hajajaza fomu ya uzamili

Mwanangu,

Baba yako ameniambia kwamba unatafuta nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uchumi, na kwamba yote yameanzia kwenye ule usaili wa kazi. Umemwambia yeye, mimi hukuniambia, na najua kwa nini: ulijua kuna swali nitauliza. Basi naliuliza kwa barua, maana kwenye simu unanijibu "sawa mama" na mazungumzo yanaishia hapo. Je, huo uzamili utakufundisha kile kilichokuangusha siku ile?

Nilivyosimuliwa, maswali ya nadharia uliyajibu yote. Ulieleza namna wateja wanavyopunguza ununuzi bei inapopanda, na kwa nini bidhaa nyingine watu wataendelea kununua hata bei ipande vipi. Kisha wakakukalisha mbele ya kompyuta yenye majedwali mawili na kukupa saa moja utafute ni wateja gani wameanza kupungua. Ukashindwa kuanza. Kwa hilo sina lawama. Linaloniuma ni maneno uliyomwambia baba yako baadaye, kwamba wewe ni mwanauchumi, si fundi wa kompyuta. Maneno hayo yamenikaa rohoni.

Mimi nimefanya kazi idara ya mikopo ya benki tangu hujaanza shule. Vijana waliosoma uchumi nimewaona wakiingia, wengine wana alama za juu kuliko zako, na nimeona wanaobaki na wanaoondoka. Chuoni mlipewa data iliyokwisha kusafishwa. Idara ya takwimu imeshaikusanya na kuipanga kwa mwaka na robo mwaka, wewe unaipakua ikiwa na mistari mia mbili au mia tatu, unabonyeza mara mbili, regresheni, ile hesabu ya kupima jinsi kitu kimoja kinavyohusiana na kingine, inatoka. Kwenye kampuni hakuna aliyekusanya data kwa ajili ya mwanauchumi. Inazaliwa kila mteja anapolipa, anaporudisha alichonunua, anapopiga simu kulalamika, na yote hayo yanaingia kwenye hifadhidata. Kuifikia kuna lugha yake, SQL. Asiyeijua inabidi amwombe mwenzake amtolee data. Akitolewa anakuta si ile aliyoitaka, anaomba tena, anasubiri tena, na mkuu wake alitaka jibu tangu Jumatatu.

Na hata akiipata, haitumiki kama ilivyo. Nakuambia ninachokiona mezani kwangu: tarehe moja imeandikwa namna tatu, mteja mmoja ana namba mbili kwa sababu alibadilisha simu, kwenye safu ya mapato wengine wana sifuri na wengine pako tupu, na wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba aliyejaza sifuri na asiyejaza kitu si mtu mmoja. Excel inafika mwisho kwenye mstari wa 1,048,576. Kampuni yenye wateja wengi inaipita idadi hiyo mapema sana. Na ukisafisha yote kwa mkono, mwezi ujao unaanza upya tangu mstari wa kwanza. Anayejua Python au R, lugha za kuandikia programu, ameandika hatua zake mara moja, mwezi ujao anaziendesha tena, na muda unaobaki anautumia kufikiri. Huyo ndiye sekta binafsi inayemtafuta. Nadharia wanaitaka, lakini wanamtaka mwenye nadharia anayeweza kuifikisha kwenye data yao yeye mwenyewe, bila kusubiri mtu.

Nimejaribu kutafuta mfano wa watu wa fani yako ili usiseme naongea ya benki tu. Mwaka 2010 wanauchumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wao kwa wastani ulinywea kwa asilimia 0.1. Wanasiasa waliitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliomba faili lao la Excel akalipitia mwenyewe. Akakuta fomula ya wastani imeziacha nchi tano nje. Alikuta pia mambo mengine kuhusu data walizoziacha na uzito waliozipa nchi. Yeye na walimu wake walipokokotoa upya, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Kosa la aina ile linajificha ndani ya kisanduku kimoja na hakuna anayeliona mpaka akibofye. Kwenye programu kila hatua imeandikwa mstari kwa mstari, na mwenzako anaweza kuisoma akasema hapa umekosea. Herndon alikuwa bado mwanafunzi kama wewe ulivyokuwa juzi.

Na kuhusu "ufundi wa kompyuta": ile maktaba ya pandas, yaani mkusanyiko wa zana za kuchambulia data, ambayo karibu kila mchambuzi wa data anayetumia Python anaitumia, ilianzishwa mwaka 2008 na Wes McKinney akiwa kazini AQR, kampuni ya uwekezaji. Ilitoka mikononi mwa mtu aliyekuwa akichambua data za fedha. Thomas Sargent, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2011, ameandika pamoja na John Stachurski masomo ya QuantEcon, wanafundisha uchumi kwa Python, yapo bure kwenye intaneti. Kama Sargent ameona kazi hiyo inamfaa mwanauchumi, wewe unaikwepea nini?

Najua utakachonijibu. Utasema siku hizi akili mnemba inaandika programu yenyewe, kwa hiyo kujifunza ni kupoteza muda. Sikiliza kilichotokea kwetu. Kijana mmoja aliomba akili mnemba imwandikie amri za SQL za kuunganisha jedwali la wakopaji na jedwali la malipo, apate asilimia ya wanaochelewa kulipa. Amri zikaenda bila kosa hata moja. Jibu likatoka zuri, zuri mno. Kumbe yale majedwali yalikuwa yameunganishwa kwa namna inayobakiza wale tu wanaoonekana kote kuwili. Aliyekopa na hajawahi kulipa hata mara moja hana mstari kwenye jedwali la malipo, kwa hiyo alikuwa ametoweka kwenye hesabu. Wadaiwa wabaya kuliko wote ndio waliofutika. Kompyuta haikutoa onyo lolote, kwa sababu kwa upande wake kila kitu kilikuwa sahihi.

Aliyegundua ni binti aliyesoma uchumi. Alizisoma zile amri, akahesabu wakopaji kabla ya kuunganisha na baada ya kuunganisha, akauliza: hawa wengine wameenda wapi? Mwanangu, swali hilo ni lenu nyinyi. Mnafundishwa tangu mwaka wa pili kwamba sampuli iliyojichuja yenyewe inadanganya. Mtu wa kompyuta peke yake huenda asingeliuliza. Na mwanauchumi asiyejua kusoma amri zile asingejua pa kuliulizia. Nilipomwona akieleza mbele ya wakuu nilikufikiria wewe, kwa sababu najua ungeliuliza haraka kuliko yeye, lau ungekuwa umeweza kusoma kilichoandikwa pale.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Uzamili huo utakufundisha hayo? Nitumie orodha ya masomo yao. Kama humo kuna la kuandika programu kwa mikono yenu, na data chafu, si la kubonyeza menyu, basi tuzungumze, na ada tutaitafuta. Kama ni nadharia ile ile kwa kina zaidi, utatoka na cheti cha pili na utakalishwa mbele ya kompyuta ile ile. Hofu yangu yote iko hapo. Umri utakuwa umesogea, na waliomaliza nawe watakuwa na uzoefu.

Anza na SQL. Ni lugha ndogo, ndani ya wiki chache utakuwa unauliza maswali ya maana. Kisha chagua Python au R, moja tu, usirukeruke; matangazo mengi ya kazi za kampuni ninayoyaona yanataja Python, lakini R nayo haijamnyima mtu kazi kwetu. Usilipie vyeti vya mtandaoni kabla hujajua kufanya jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wala sikwambii utengeneze programu za simu, hiyo ni fani nyingine na ina wenyewe.

Chukua tasnifu yako uifanye upya. Ninayo kabatini, nimeisoma yote, hata kurasa za hesabu ambazo sikuzielewa, na wageni wamechoka kuonyeshwa. Rudi kwenye data ghafi, andika kila hatua, mpaka mtu mwingine akiiendesha kwenye kompyuta yake apate michoro ile ile uliyoipata wewe. Iweke GitHub, mahali ambapo mwajiri anaweza kuisoma. Hiyo itaongea kuliko mstari wa kwenye wasifu unaosema "ujuzi wa kompyuta: mzuri sana". Tafadhali uuondoe mstari huo.

Ile kozi ya programu uliyotaka kuichukua mwaka wa pili, nyumba nzima tulisema itakuharibia wastani wa alama. Na kweli wastani haukuharibika.

Kompyuta yako uliyoiacha haiwaki tena bila kuchomekwa umeme, fundi anasema ni betri. Nimemwambia aibadilishe na aongeze kumbukumbu, maana data nyingi zitailemea. Nitaituma ikiwa tayari, usinunue nyingine. Chumba chako kinavuja pale juu ya dirisha, kwa hiyo tumehamishia vitabu vyako sebuleni. Vile vya ekonometria nimevifunga peke yake. Mdogo wako amechukua kikokotoo chako, anasema ulimpa ruhusa; kama si kweli niambie. Mitihani yake inaanza mwezi ujao na kila siku anauliza kama uchumi una kazi. Nimemwambia akuulize wewe, kwa hiyo jiandae kumjibu ukweli.

Nitumie hiyo orodha ya masomo wiki hii. Baba yako anakusalimu, anasema ukipiga upige jioni, mchana anakuwa juu ya paa na mafundi na simu anaiacha ndani.

Mama yako