Msiwashe jiko kwanza

Vermont, Marekani, 14 Septemba

Mpendwa Mama Asifiwe,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, watoto wamerudi shule, na majani yameanza kuwa mekundu. Nimefurahi mno kusikia kwamba mmeshahamia kwenye nyumba yenu huko Maine. Hiyo picha ya sebule nimeitazama mara tatu. Jiko la kuni ni zuri, la chuma kizito. Lakini uliposema Baba Asifiwe anataka kuliwasha wikiendi hii, nimeona nisilale kabla ya kukuandikia. Tafadhali msiliwashe kwanza. Hamjui aliyewauzia nyumba aliitunzaje ile dohani, njia ya kutolea moshi.

Unakumbuka majiko ya bibi zetu kule Njombe? Moshi ulipanda wenyewe ukatokea kwenye nyasi za paa, masizi yananing'inia kama kamba nyeusi, na hakuna aliyeyagusa kwa sababu yalizuia wadudu kula fito. Nilikuja huku na akili hiyo hiyo, kwamba masizi hayamdhuru mtu. Kumbe moshi ukifungiwa ndani ya bomba mambo ni mengine kabisa. Moshi wa kuni umebeba mvuke wa maji pamoja na mafuta ya mti ambayo hayakupata kuungua. Ukifika mahali bomba limepoa chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, unaganda ukutani, kama mvuke wa wali unavyojikusanya kwenye mfuniko. Huku wanauita kreosoti. Mwanzoni ni unga mweusi, brashi inautoa bila shida. Ukiachwa unakuwa magamba magumu, halafu unakuwa kama lami iliyomwagwa ikakauka, inang'aa. Ukifika hapo, brashi haifui dafu. Na wote huo ni kitu kinachowaka.

Sijawahi kukusimulia yaliyotupata majira yetu ya baridi ya pili. Tulinunua kuni za mwaloni mwezi wa Oktoba, tukaambiwa ni kavu, kumbe mti ulikatwa kiangazi kile kile. Motoni zilikuwa zinalia na kutoa povu nchani. Usiku tulikuwa tunabana hewa ya jiko ili moto ukae hadi asubuhi, tukidhani tunaokoa kuni. Asubuhi moja ya Januari mume wangu akafungua hewa yote ili moto ushike upesi. Nikasikia mngurumo ndani ya ukuta, kama treni inapita juu ya nyumba, na bomba likaanza kuwa jekundu. Tukafunga hewa yote, tukawatoa watoto nje wakasimama kwenye theluji wakiwa na soksi tu, tukapiga 911, namba ya dharura ya huku. Nyumba ilipona, namshukuru Mungu. Lakini moto wa namna hiyo unaweza kupita nyuzi 1,000, na vigae vya udongo vilivyo ndani ya dohani vilipasuka. Hatukuwasha tena mpaka mwaka uliofuata. Mpaka leo upepo ukivuma kwa nguvu usiku, naamka kwenda kugusa ukuta.

Kwa hiyo mwiteni fundi wa dohani mwenye cheti, apitishe kamera kutoka juu hadi chini. Kanuni za zimamoto za huku zinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kila mwaka. Mwombeni awaonyeshe kazi yenyewe ya kusafisha, maana baadaye mnaweza kuifanya wenyewe. Brashi iwe na upana sawa na bomba: ya waya kwa dohani ya vigae, ya plastiki kwa bomba la chuma cha pua. Jiko liwe limepoa kabisa, mlango wake uzibwe, ndipo msukume brashi. Kreosoti ikifikia unene wa milimita 3, karibu unene wa sarafu mbili za senti 25 zilizobebana, msingoje mwisho wa msimu. Na barakoa mvae. Percivall Pott, daktari wa London, alionyesha tangu 1775 kwamba masizi yaliwaletea saratani wasafisha dohani, na wengi walianza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo. Nikilifikiria hilo roho huniuma.

Ila kusafisha ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuni. Nunueni kipimo cha unyevu, pasueni gogo upya, mpime ule upande wa ndani. Usomeke chini ya asilimia 20. Mwaloni huweza kuchukua miaka miwili kukauka. Watu watawatisha kwamba msonobari unaunguza nyumba. Msiwasikilize, msonobari mkavu hauna tatizo, na hukauka mapema kuliko mwaloni. Kinacholeta kreosoti ni kuni mbichi na moto unaosinzia. Washeni moto mdogo wenye nguvu, kisha utoke nje utazame juu: ukiona moshi mzito, huo ndio utakaoukwangua kesho. Majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na baraza la mbao, maana kaa huweza kukaa hai siku kadhaa ndani yake. Na king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka motoni, kiwe karibu na vyumba vya kulala, hili nakusihi.

Tunapanga kuja kwenu wikiendi ya kwanza ya Oktoba. Fito za kusukumia brashi tunazo, na kipimo cha unyevu nitawaletea. Brashi yetu ni ya inchi 6, kwa hiyo mwambie Baba Asifiwe apime bomba kwa ndani, unijulishe mapema nikatafute inayoenea.

Nisalimie watoto wote.

Rafiki yako,
Mama Tumaini