Watoto wafundishwe maneno ya History, wasikaririshwe tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Mimi nafundisha tuisheni ya History jioni huku Nkuhungu, Dodoma, na nachokiona ni kwamba watoto wengi wa sekondari hawaangushwi na historia yenyewe, wanaangushwa na maneno ya Kiingereza ambayo hakuna mtu aliyewahi kukaa nao chini akawaelewesha. Juzi nimeshika daftari la binti wa kidato cha pili, kaandika Mkutano wa Berlin, ule wa Wazungu kuhusu kugawana Afrika, ulifanyika "18th century", yaani karne ya 18, kapigwa kosa la wino mwekundu basi, maelezo hamna. Nikamuuliza kwa nini 18, akanionyesha mwaka, 1884, si unaanza na 18 mwalimu? Jamani huyo mtoto kafikiri! Ukianza naye mwanzo, karne ya kwanza ni mwaka 1 mpaka 100, ya pili 101 mpaka 200, mnaenda hivyohivyo, mwenyewe anafika kwamba 1801 mpaka 1900 ni karne ya 19, na hapo hasahau tena. Miaka ya BC, yaani kabla ya Kristo, nayo inahesabiwa kurudi nyuma, waambiwe mapema.

Afu kuna "historic" na "historical", hata sisi watu wazima tunayachanganya. "Historical" ni chochote kinachohusu mambo ya zamani, hata risiti ya kodi ya kichwa aliyolipa babu yako enzi za mkoloni imo. "Historic" ni kile chenye uzito, kilichoacha alama. Na mifano tunayo hapahapa mkoani, Kongwa kulikuwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa 1951, makaratasi ya mahesabu yake ni "historical", lakini kambi ya Kongwa walikokaa wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia miaka ya 1960, hiyo ni "historic" bila ubishi.

Linaloniuma zaidi ni "prehistoric". Mtoto akilisikia anawaza dainosa, au anaona ni watu wasiokuwa na historia kabisa. Neno linamaanisha tu kipindi cha kabla ya maandishi, na maandishi hayakufika kila sehemu siku moja, kwa hiyo kipindi hicho kwa Misri kiliisha mapema sana kuliko huku kwetu. Sasa nenda Kolo, Kondoa, angalia ile michoro ya kwenye miamba iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, kuna watu, kuna twiga, na baadhi ya maeneo yale wenyeji wa jirani bado wanayatumia kwa matambiko, halafu mtoto wa Kirangi au Kisandawe anatoka darasani anaamini mababu zake hawakuwa na historia kisa neno moja halikufafanuliwa. Hapana, hilo siyo sawa na walimu wenzangu tulisimamie, najua silabasi inatukimbiza ila dakika tano za neno zinapatikana.

Ombi langu kwenu gazeti, kwenye kurasa za elimu tengeni kona ndogo ya maneno ya somo hili, yaelezwe kwa Kiswahili cha kawaida na mifano ya Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, siyo ya Ulaya peke yake. Neno la kwanza naomba liwe "prehistoric".

Mwalimu wa tuisheni,
Nkuhungu, Dodoma