Visa isiwafunge manesi wetu mdomo

Mhariri,

Kila mara naona mnaandika habari za nafasi za unesi Uingereza, tangu Kenya isaini nao ule mkataba wa wahudumu wa afya 2021 story ni mishahara na visa tu. Sawa, lakini hakuna anayewaambia hawa vijana siku ukikosea dawa kwenye nyumba ya wazee unafanyaje.

Kuna dada nafanya naye kazi, shifti ya usiku nesi ni yeye peke yake, akampa mzee mmoja vidonge vya presha vya jirani yake. Akagundua mwenyewe alipokuwa anasaini chati. Akapigia daktari, akawa anampima mzee presha mpaka kukakucha, na mzee alipata kizunguzungu tu basi. Shida ilianza meneja alipoingia asubuhi, eti binti wa mzee asiambiwe, andika tu mzee aliamka mchovu. Na kampuni ya huyo meneja ndiyo imemdhamini visa, akifukuzwa kwa kawaida anabaki na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine ama arudi nyumbani, sasa na fees za watoto unabishana na nani? Aliandika ukweli lakini, na meneja hamsalimii mpaka leo.

Wengi hawajui sheria iko upande wao. Hapa England tangu 2015 nyumba za wazee zinabanwa kisheria, mzee akiumia vibaya kwa sababu ya huduma lazima yeye au anayemsimamia aelezwe, aombwe msamaha, kisha aandikiwe barua. Kizunguzungu pengine hakifiki hapo, lakini baraza la huku linalosajili manesi nalo linataka mgonjwa aambiwe ukweli, na hata kosa lililokaribia kudhuru liripotiwe. Halafu kwetu tumezoea ukisema samahani umejifunga, kumbe huku kuna sheria ya 2006 kwamba kuomba msamaha peke yake si kukubali lawama. Kitakachokuponza zaidi mbele ya baraza ni uongo kwenye chati, kosa la dawa mtu hufundishwa akarekebika.

Kwa hiyo hao maajenti wanaofanya semina Nairobi wamlete hata nesi mmoja aliyefanya kazi huku awaeleze watu haya kabla hawajapanda ndege. Na ubalozi wetu London utoe namba ya kupiga ukitishiwa visa, maana saa hizi tunaulizana WhatsApp usiku wa manane na kila mtu ana jibu lake.

Msomaji wenu,
Leeds, Uingereza