Panya na mzee wenu wa Arua

Bombo

Afande Yasini,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, mvua tu ndiyo imetuzidi. Juzi kwenye simu nilikuambia sigara inavyoharibu mapafu ya panya wa maabara, ukaniuliza kwa kejeli panya anavutaje sigara, halafu ukanitupia mzee wenu aliyevuta tangu ujana na bado analima. Hukunipa nafasi ya kujibu, basi soma.

Panya havuti. Anatiwa ndani ya sanduku, moshi unapulizwa humo siku baada ya siku, kwa miezi kama sita. Tena panya hupumua kwa pua tu, na pua yake inachuja mengi ambayo wewe unayashusha moja kwa moja kifuani. Hata hivyo anaharibika. Ukitazama pafu lake kwa hadubini unaona vile vifuko vidogo vya hewa vimebomoka kuta, vitatu vinne vimekuwa kimoja kikubwa, kimelegea. Pa hewa kuingilia kwenye damu pamepungua.

Mwenye kubomoa ndiye anayenishangaza. Moshi unaziita seli za kinga mapafuni, zinajazana, kijidudu cha kupigana nacho hakuna, nazo zinamwaga vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kulivuta na kulirudisha pafu. Wewe na mimi tunajua kikosi kilichokaa muda mrefu pasipo adui kinawafanyia nini raia. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya panya waliozaliwa bila kimeng'enya kimoja cha aina hiyo: walifukizwa moshi kama wenzao, vifuko vyao visibomoke.

Sasa mzee wenu. Panya nao wamegawanyika kwa ukoo. Kwa moshi uleule, ukoo mmoja unaharibika vibaya, mwingine unamaliza miezi yote na mapafu yake yakiwa karibu kama mwanzo. Kwa hiyo mzee namkubali. Ila wewe hujui umezaliwa ukoo gani, na kikohozi nilichokisikia kwenye simu hakinipi matumaini. Kuta zilizobomoka hazirudi. Ukiacha leo unaokoa zilizobaki.

Na usiniambie unavuta moja moja tu. Sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 imekataza kuziuza hivyo, ingawa najua pale stendi hakuna anayeisoma.

Ukija, niletee asali ya huko. Ya hapa dukani wameichanganya na sukari.

Wako,
Juma