Diski ya Nyanya haijafa

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Dadangu Mwanaisha,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana, mguu wake umepoa, na Swaleh amepata kazi bandarini alhamdulillahi, kwa hivyo hayo usiniulize, yamekwisha. Najua tumenyamaziana muda mrefu, mimi na wewe. Tusameheane. Leo nina jambo moja, na wa kunisaidia ni wewe peke yako.

Unaikumbuka ile CD ya nyimbo za Nyanya uliyotuchomea kwa kompyuta?

Zuleikha anaolewa Mfungo Mosi, inshallah, na ameshikilia kwamba usiku wa kina mama hataki didijei, anataka vugo, ile ngoma ya kina mama ya kupiga pembe. Pembe zipo, Mama Rukia amezitunza. Wa kuzipiga wapo. Maneno ndiyo hayapo. Wenziwe Nyanya wote wameshatangulia, na kina mama wa rika la Mama wanashika ubeti wa kwanza vizuri, wakifika wa pili kila mmoja anashika njia yake na ubishi unaanza. Juzi walibishana mpaka adhana ya magharibi. Kaseti zenyewe za sauti yake zimeota ukungu, utepe umegandana. Imebaki hiyo diski.

Basi nikaitoa kabatini. Imo katika kasha lake, na mwandiko wako wa kalamu nene: NYANYA, VUGO, 2007. Haina hata mkwaruzo. Laptopu za siku hizi hazina pa kutilia CD, nikaazima draivu ya nje ya Mwalimu, ile inayochomekwa kwa USB. Ikazunguka, ikanguruma, ikanyamaza, ikazunguka tena. Alama ya draivu inaonekana kwenye kompyuta, lakini ukibofya unaambiwa utie diski. Na diski imo! Nikafikiri labda umeme wa USB ni mdogo, maana draivu hizi hula sana zinapoanza kuzunguka, nikaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyio. Hali ni ile ile.

Nikampelekea fundi mmoja huku mjini. Akatia DVD ya filamu, ikafunguka papo hapo. Akatia yetu, kimya. Akanirudishia akisema draivu nzima, diski imekufa, tupa. Akapokea pesa yake.

Mwanaisha, neno hilo limenichoma. Tupa! Sauti ya Nyanya! Na kipimo chenyewe hakikuwa kipimo. Draivu ya DVD ina leza mbili: DVD husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650, na CD kwa leza nyingine ya nanomita 780, ambayo jicho haliioni sawasawa. Moja ikichoka, ya pili huendelea na kazi yake kama kawaida. Kwa hivyo draivu inaweza kukuonyesha filamu za DVD mchana kutwa na isione CD hata moja. Nilipofika nyumbani nikaijaribu ile ya Mwalimu kwa CD ya kisomo cha Kurani, ya kununua dukani, safi kabisa. Haikufunguka. Basi draivu ndiyo iliyokuwa haioni, na fundi hakutia CD nyingine hata moja kabla ya kuihukumu yetu. Ningekuwa na nguvu ningerudi kumwambia. Tuyaache.

Nikaenda kwa kompyuta ya mezani ya Swaleh, ile kuukuu. Hiyo nayo draivu yake ilikuwa haionekani kabisa kwenye orodha, ingawa mlango unafunguka na taa inawaka. Hilo lilikuwa jepesi: kwenye orodha ya vifaa kulikuwa na alama ya njano na kosa namba 39, nikafuta maingizo mawili kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, UpperFilters na LowerFilters, yaliyoachwa na programu za zamani za kuchomea. Nilihifadhi nakala ya rejista kwanza. Nikawasha upya, draivu ikarudi. Kisomo kikafunguka bila taabu.

Nikatia ya Nyanya. Ikazunguka muda mrefu, moyo unanienda mbio, kisha Windows ikaniuliza nataka kuitumiaje diski hii. Yaani kwake yeye ni tupu, mpya, inangoja kuandikwa! Salma alikuwa ameshapeleka kipanya kwenye kitufe cha kukubali, nikamshika mkono. Tafadhali, na huko kwako ikitokea diski yoyote ya zamani ikauliza hivyo, mtu asikubali. Toa diski.

Maana tupu si tupu. Nenda nayo dirishani, ugeuze upande unaong'aa, uinamishe kidogo kwenye mwanga. CD huandikwa kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda nje, na palipochomwa rangi hubadilika. Yetu ina pete mbili waziwazi: ya ndani imekoza, ya nje imepauka, na mpaka kati yao ni mstari mwembamba kama uliochorwa kwa bikari. Iliyokoza inafika kama nusu ya njia kwenda ukingoni. Diski nzima inabeba dakika 80, na kwa kuwa mizunguko ya ndani ni mifupi, nakisia mle mna sauti ya zaidi kidogo ya nusu saa. Ipo, Mwanaisha. Naiona kwa macho yangu.

Nikaanzisha Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, nikaiuliza draivu hali ya diski. Jibu: haijakamilika. Halikuja neno tupu. Nilikaa nalitazama lile jibu, nikamwita Mama aje alione, naye hajui hata kompyuta inawashwaje, akasema alhamdulillahi.

Hivi ndivyo nionavyo mimi. Diski ikimaliza kuchomwa, draivu huifunga: hurudi ndani kabisa, kabla ya wimbo wa kwanza, ikaandika orodha ya yaliyomo. Kompyuta husoma orodha hiyo kwanza. Bila hiyo, haina habari kama kuna kitu. Yetu haikufungwa. Kwa nini? Hapo ndipo ninapokukumbuka wewe na usiku ule pale Bondeni, stima zilipopotea mtaa mzima. Mimi nilikuwa jikoni na Nyanya, nakumbuka alivyocheka gizani, lakini sijui diski ilikuwa imefika wapi. Wewe ndiye uliyekuwa umekaa mbele ya kompyuta.

Ukinijibu hilo nitajua la kufanya. Kama ulichoma wimbo mmoja mmoja, kumbukumbu ya muda ya kila wimbo uliomalizika huwa imeandikwa mahali pengine kwenye diski, mahali ambapo draivu za kuchomea pekee huweza kupasoma. Hiyo ya Swaleh ni ya kuchomea. Iko programu ya Linux iitwayo cdrecord, na ina amri ya -fix ambayo kazi yake ni hiyo tu, kuifunga diski iliyoachwa wazi. Inaandika orodha, nyimbo zinaonekana, na hata ule uliokatikia njiani ukipotea, zilizotangulia zimo. Lakini kama ulichoma zote kwa mkupuo mmoja, mambo ni tofauti na amri hiyo haitanifaa. Na amri yenyewe ni kuandika juu ya diski, na CD ya aina hii ikishaandikwa hairudi nyuma. Sitaki kuibonyeza kwa kubahatisha. Nimeizima kompyuta, diski imerudi kashani, iko chini ya mito ya Mama.

Zuleikha kila akipita ananiuliza. Namwambia tunangoja barua ya shangazi yake Nairobi.

Sasa nijibu moja moja, tafadhali, hata kama hukumbuki vizuri useme hukumbuki. Stima zilipopotea, diski ilikuwa ingali ndani? Uliitoa wewe kwa mkono baada ya stima kurudi, au ilitoka yenyewe? Ulitumia ile programu ya kuchomea, Nero, sivyo? Ulichagua CD ya muziki au uliweka mafaili ya MP3 tu? Ile kompyuta ya mezani umeiuza, umempa mtu, au bado unayo Nairobi? Nauliza kwa sababu diski isiyofungwa mara nyingi hukubaliana zaidi na draivu ile ile iliyoichoma, na pia kwa sababu huenda mafaili yenyewe yangali kwenye diski kuu ya hiyo kompyuta! Ulichoma nakala moja au mbili? Mama anasema ilikuwapo ya pili akapewa Mama Rukia, Mama Rukia anasema hajaiona, nani mkweli? Na ukipita Luthuli Avenue, waweza kunitafutia draivu ya DVD ya kuchomea, ya ndani, iliyotumika lakini nzima, na uwalazimishe waijaribu mbele yako kwa CD, si DVD? Pesa nitakutumia kwa M-Pesa siku hiyo hiyo.

Na harusi utakuja? Ukija kwa treni ya SGR nitakupokea Miritini mwenyewe. Ubeti wa pili wa ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, wewe wausema vipi? Uniandikie kama unavyoukumbuka, usimuulize mtu kwanza.

Wasalimie watoto na baba yao.

Wako,
Fatma