Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kishikio cha Bomba la Sindano

Ndugu wanachama, poleni na safari. Najua wa Makete na Kyela mmeamka usiku ili muwahi hapa Mbeya, na ninawashukuru kwa dhati.

Mambo ya fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitaongelea kishikio, maana ndicho kilichotukalisha vikao vingi mwaka huu.

Kila aliyewahi kumvuta mgonjwa maji ya kifuani anaijua shida yenyewe. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili unavuta pistoni, na wa kumtuliza mgonjwa haupo. Ukivuta kwa nguvu, ncha ya sindano inacheza. Mwaka huu lilinipata mimi: maji yalianza kutoka safi, ya manjano, sindano ikasogea, mzee akashtuka, bomba likaingia damu. Maabara hawakuweza kuhesabu seli kwa uhakika. Ikabidi nimchome tena, na jinsi alivyonitazama bado sijasahau.

Wazo la kishikio si letu. Sixten Franzén wa Sweden alishabuni kishikio cha mkono mmoja cha kunyonya seli kwenye uvimbe. Unabana kwa vidole, pistoni inarudi nyuma, mkono mwingine unabaki huru. Ila wengi wetu hatukuwahi kukishika.

Fundi wetu wa Mwanjelwa alianza kututengenezea chetu kwa plastiki. Kilikaa vizuri kiganjani, lakini kilipotoka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121, kilikuwa kimepinda kama ndizi. Cha pili kikawa cha alumini. Hicho hakikupinda, lakini upana wa mpini ulipimwa kwa kiganja cha fundi, na wauguzi wetu wengi wana viganja vidogo. Dada mmoja wa Rungwe alikibana kwa mikono miwili, faida yote ikapotea. Kosa hilo ni letu viongozi: tulipaswa kuwauliza watumiaji kabla fundi hajakata alumini.

Cha tatu tumekipunguza upana. Tunakijaribu kwa glovu iliyojazwa maji ya rangi na kuzungushiwa sponji. Hakitamgusa mgonjwa mpaka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wakikague na kukiidhinisha, na hapo mimi silegezi.

Kipo hapa mezani, kimeshapachikwa bomba la mililita 20. Kabla hatujapiga kura ya kutenga fedha, naomba kila mmoja apite akibane mara kumi, kwa mkono anaoutumia kazini, aniambie kinamuumiza wapi.